Mapango ya Ajanta na Watu Walioyapenda

Leo twataka kuwachukua safari ya ng'ambo, mpaka Bara Hindi, tukawaonyeshe mahali paitwapo Ajanta. Tulikwenda huko peke yetu. Tukisema "sisi" ni kwa desturi ya msemaji tu; kwa kweli tulikuwa mtu mmoja, mkoba mmoja na chupa moja ya maji. Twalitaja jambo hili mapema kwa kuwa lina maana katika habari yetu. Mtu asafiriye na wenzake hutazama huku akizungumza. Bali aliye peke yake hana wa kuzungumza naye ila kile anachokitazama.

Ajanta iko katika jimbo la Maharashtra, upande wa magharibi wa India. Tulilala Jalgaon, mji wenye stesheni ya reli, na asubuhi tukapanda basi kwenda kusini, mwendo wa kilomita 60 hivi. Karibu na kijiji cha Fardapur abiria wote hushuka, maana magari ya watu hayaruhusiwi kupita hapo. Hupanda basi jingine, wakamaliza kilomita nne zilizobaki. Amri hii iliwekwa ili moshi wa magari usiyafikie mapango. Ulikuwa mwezi wa Agosti, katikati ya mvua, na vilima vyote vilikuwa kijani kibichi. Penye ngazi wapagazi walitupokea na kiti chao cha kuwabebea wazee na wagonjwa. Tukawashukuru, tukapanda kwa miguu yetu, ijapokuwa tulipofika juu tulikuwa tukihema kiasi cha kuwafanya wacheke.

Huko juu macho hukutana na jabali lililosimama wima, urefu wake kwenda juu ni yapata meta 75, nalo limepinda kama mundu. Chini yake hupita mto Waghora, ukiviringika katika bonde jembamba. Katika uso wa jabali lile, kutoka ncha hii ya mundu hata ncha ile, mna milango, nguzo na madirisha. Mapango yenyewe ni 30. Lakini neno pango lisiwadanganye, maana hapa hakuna hata moja lililofanywa na maji wala upepo. Yote yamechongwa kwa mkono wa mwanadamu katika jiwe gumu jeusi, zao la moto wa volkano za kale.

Waliochongewa mapango haya ni watawa wa dini ya Buddha. Buddha alikuwa mtoto wa mtawala wa kaskazini ya India, aliyeacha nyumba ya baba yake na mali yake akaenda kutafuta njia ya kuwatoa watu katika mateso. Wafuasi wake walioacha dunia walikuwa wakitembea kijiji kwa kijiji, bakuli mkononi, wakila walichopewa. Lakini India ina majira ya mvua kubwa, na katika majira hayo sheria yao iliwakataza kutembea. Iliwapasa kukaa mahali pamoja yapata miezi mitatu. Basi walihitaji paa lisilovuja. Paa gani litashinda mlima? Tena mahali hapa palikuwa karibu na njia za wafanya biashara, na wafanya biashara ndio waliokuwa na nguvu za kutoa sadaka. Mtawa hupenda upweke, lakini hawezi kukaa mbali mno na mtu wa kumpa chakula.

Mtu akitaka kujua jinsi kazi ilivyofanywa, na asianze na pango zuri. Aende kwanza ncha ya mbali, kwenye pango la 24, ambalo halikumalizika. Lingekuwa moja katika mapango makubwa kuliko yote. Humo nguzo nyingine bado ni magogo ya jiwe yenye makovu ya tindo, na mahali pengine jiwe limeachwa vile vile lilivyokuwa. Fundi wa nyumba huanza chini, akainua kuta, kisha akaezeka paa. Fundi wa Ajanta alianza juu. Alichimba dari kwanza, akashuka pole pole, akiondoa jiwe lisilotakiwa na kuacha lile litakalokuwa nguzo, sanamu, au kitanda cha mtawa. Kwa hiyo hakuhitaji jukwaa refu la miti, maana alisimama juu ya jiwe ambalo alikuwa bado hajalichimba. Lakini kosa lake halikuwa na dawa. Fundi wa matofali akikosea huvunja akajenga tena. Huyu akikata nguzo vibaya, nguzo ile imekwenda, wala mlima haurudishi.

Kazi ilifanywa kwa vipindi viwili vilivyopitana mbali. Kipindi cha kwanza kilikuwa katika karne ya pili na ya kwanza kabla ya Kristo. Ndipo lilipochongwa pango la 10, ukumbi mrefu wa ibada wenye nguzo 39 na kuba la jiwe mwisho wake, ambalo watu walilizunguka wakiomba. Kisha ikapita miaka mamia, pasipo kuchongwa pango jipya, hata karne ya tano baada ya Kristo, alipotawala mfalme Harisena wa ukoo wa Vakataka. Mapango mengi yaliyo mazuri yatoka wakati wake. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Spink, aliyeyachunguza kwa zaidi ya miaka 50, alishikilia kwamba kazi yote ya kipindi hiki cha pili ilifanywa katika muda usiofika miaka 20. Wenzake si wote wanaokubali. Nasi tuliosimama mbele ya kazi hiyo twaona ni jambo la kustaajabisha, lakini tukikumbuka ya kwamba wakubwa walikuwa wakishindana kutoa fedha, si jambo lisilowezekana.

Majina ya wengine yamo katika maandishi yaliyochongwa ukutani. Pango la 16 lilitolewa na Varahadeva, waziri wa Harisena. Pango la 26, ambamo mna sanamu ya Buddha amelala katika kufa kwake, urefu wake kama meta saba, lilitolewa na mtawa aitwaye Buddhabhadra. Lakini sisi maandishi yaliyotugusa zaidi ni ya pango la 17. Aliyelitoa alikuwa mtawala mdogo wa nchi ile ile. Maandishi yasema ya kwamba alikuwa na ndugu yake mdogo, wakipendana. Ndugu yule akafa, na mkubwa akaelemewa na huzuni, akageukia kutoa sadaka na kujenga. Ni miaka zaidi ya 1,500 sasa, na kilio cha kaka bado kimo katika jiwe.

Harisena akafa, yapata mwaka 477. Baada yake ufalme ukavunjika, na vita vikaingia. Watoaji wakakimbia au wakafilisika, na mafundi wakaweka tindo zao chini. Hiyo ndiyo sababu ya pango la 24 kuwa vile lilivyo.

Sasa na tuingie palipo na picha, kwa kuwa picha ndizo zilizoifanya Ajanta kuwa maarufu. Ukitoka juani na kuingia katika pango la 1, mara ya kwanza huoni kitu. Wengi husimama kidogo, wakaona giza, wakatoka. Sisi tuliokuwa peke yetu hatukuwa na wa kutuharakisha. Tukakaa chini karibu na ukuta, tukangoja. Kidogo kidogo giza likalegea. Kwanza tukaona duara la taji. Kisha nyusi mbili ndefu. Kisha uso mzima, umeinama kidogo upande mmoja, macho yameangalia chini, na mkono umeshika ua la yungiyungi kwa vidole vyepesi. Huyu huitwa Padmapani, maana yake mwenye yungiyungi mkononi. Wabudha hutuambia ya kwamba ni mmoja wa wale waliokaribia kufika kikomo cha raha kamili, wakasita ili kuwasaidia wanaotaabika. Fundi aliyemchora aliyajua hayo, maana uso wenyewe si wa furaha wala wa huzuni. Ni uso wa mtu aliyesikia habari ya mwenziwe na bado anaifikiri.

Ninyi mnaokaa katika nyumba za kukandika mtaelewa upesi jinsi picha hizi zilivyofanywa. Ukuta wa jiwe uliachwa na makwaruzo ili udongo upate kushika. Juu yake wakakandika udongo uliochanganywa na makapi ya mpunga na nyuzi za nyasi, kama vile sisi tunavyochanganya udongo wetu ili usipasuke. Udongo ulipolainishwa, wakapaka juu yake ngozi nyembamba ya chokaa, na baada ya kukauka ndipo wakachora. Nyekundu na manjano zilitoka katika udongo, nyeupe katika chokaa, nyeusi katika masizi, na kijani katika jiwe lililosagwa. Zote zikachanganywa na gundi. Rangi moja tu ilitoka mbali: buluu, ambayo ni jiwe la thamani lililochimbwa Badakhshan, katika milima ya Afghanistan, likaletwa mwendo wa miezi ili fundi apate kulisaga na kupaka kilemba cha mtu au shanga shingoni.

Michoro mingi ni hadithi za maisha ya Buddha, na za maisha yake ya kabla, alipokuwa mara ndovu, mara nyani, mara mfalme. Lakini mchoraji hakuacha kuchora dunia yake: wanawake wanaojipamba, wauza vitu sokoni, ndovu wanaooga. Katika pango la 2 tuliona chombo cha baharini, kina milingoti mitatu na matanga marefu, na mitungi imepangwa ndani yake. Tena kimechorwa jicho. Mtu wa pwani yetu hawezi kupita hapo bila kusimama. Mitepe ya Lamu, ile iliyoshonwa kwa kamba pasipo msumari hata mmoja, nayo ilipakwa macho kwenye omo. Hatusemi ya kwamba huyu alijifunza kwa yule. Twasema tu ya kwamba katika bahari moja mabaharia wengi wameona ni afadhali chombo kiwe na macho.

Katika pango la 17 ndipo tulipopata aibu. Tulikuwa tumesimama muda mrefu, miguu imechoka, nasi tukanyosha mkono ili tuegemee nguzo. Mara kiganja chetu kikakamatwa hewani. Alikuwa mlinzi, mzee mwenye masharubu meupe, ambaye hatukumsikia akija. Hakupiga kelele. Lugha yake hatuijui, na yetu haijui. Aliugeuza mkono wetu, kiganja kikawa juu, akakimulika kwa taa yake ndogo. Kilikuwa kinang'aa kwa jasho. Kisha akaimulika nguzo, kimo cha bega la mtu, na hapo tukaona ya kwamba ina mabaki ya rangi, na mahali pamoja rangi imekwisha kabisa, jiwe limekuwa laini na jeusi, limepata mng'ao kama mpini wa jembe la zamani. Mikono mingi imepita hapo, wala hatudhani kwamba hata mmoja ulikuwa na nia mbaya.

Tukatoka nje tukaketi barazani, tukiutazama mto, na huko ndiko tulikofikiri sana habari ya pili ya Ajanta, ile inayoanza mapango yalipojulikana tena.

Hayakupotea mara moja. Katika karne ya saba msafiri wa Kichina, mtawa Xuanzang, aliyezunguka India kwa miaka mingi na kurudi kwao mwaka 645, aliandika habari za nyumba ya watawa iliyochongwa katika bonde la giza, yenye ndovu wa mawe langoni. Wataalamu wengi huona kwamba ni Ajanta, na ndovu wawili wa jiwe mpaka leo wamesimama penye njia ipandayo pango la 16. Baada ya hapo msitu ukafunga mlango. Wenyeji wa milima ile walijua mahali penyewe. Popo walilala darini, na wapita njia walipika humo, moshi wao ukashika ukutani. Lakini duniani ni wachache mno waliopataja.

Tarehe 28 Aprili 1819 afisa wa jeshi la Waingereza aitwaye John Smith alikuwa akiwinda chui milia katika bonde lile. Toka ng'ambo ya mto akaona tao la jiwe kati ya miti. Ni tao la pango la 10. Akaingia.

Habari zikaenea, na watu wakaja. Wa kwanza walitaka kuchukua. Daktari mmoja alijaribu kuzibandua picha ukutani, nazo zikawa unga mkononi mwake. Vipande vingine vilisafirishwa mbali. Kimoja kimo katika makumbusho ya Boston, Marekani. Kisha wakaja waliotaka kuokoa. Mwaka 1843 mtaalamu wa majengo, James Fergusson, aliwasomea wasomi wa London habari za mapango, akasihi picha zinakiliwe kabla hazijaisha. Mwaka 1844 akateuliwa askari mchoraji, Robert Gill. Alikaa karibu na mapango kwa miaka mingi, katika joto na homa, akanakili picha kwa ukubwa wake wenyewe, turubai moja baada ya nyingine, zikapelekwa Uingereza. Zilitundikwa katika jumba la vioo la London, Crystal Palace. Mwezi wa Desemba 1866 moto ukazuka humo, na kazi yake karibu yote ikateketea.

Ikatakiwa ianzwe upya. John Griffiths, mwalimu wa shule ya sanaa ya Bombay, alikwenda na wanafunzi wake wa Kihindi, wakafanya kazi majira kwa majira toka 1872 hata 1885. Nakala zao pia zilipelekwa London. Mwaka ule ule wa 1885 moto ukashika ghala zilimowekwa, nyingi zikaungua. Msomaji atasema tunatunga, hatutungi. Mtu mwenye imani ya mambo ya ndoto angesema ya kwamba Ajanta haikutaka kunakiliwa. Sisi twasema ya kwamba jumba la mbao na vioo ni mahali pabaya pa kutundika kitambaa chenye mafuta.

Lakini hasara ya nakala si kitu mbele ya hasara ya asili. Ili waione picha vizuri, wanakili wa zamani waliipaka vanishi. Vanishi huamsha rangi, kama maji yanavyoamsha rangi ya kokoto. Siku ya kwanza kila mtu hufurahi. Kisha hugeuka manjano, halafu kahawia, ikanasa vumbi na masizi. Miaka ya 1920 hata 1922 serikali ya Nizam wa Hyderabad, ambayo nchi ile ilikuwa chini yake, iliwaita mafundi wawili wa Italia, Lorenzo Cecconi na Orsini. Walifanya kazi kwa uangalifu: wakajaza nyufa, wakagandisha udongo uliotaka kuanguka, na bila wao huenda mengi tuliyoyaona yangekuwa mavumbi sakafuni. Nao pia wakapaka shelaki, ile ambayo mafundi seremala huipaka juu ya meza. Baadaye shelaki ikajikunja kwa kukauka, ikavuta rangi pamoja nayo.

Tangu 1999 wataalamu wa idara ya mambo ya kale ya India wamekuwa wakiondoa uchafu na vanishi ile, kipande kidogo kidogo, na katika mapango ya 9 na 10 zimetokea picha za kipindi cha kwanza ambazo zilikuwa zimefichwa na weusi. Kazi yao ni ya kutoa tu, wala si ya kuongeza. Twaona wamepata akili kwa gharama ya waliotangulia, nasi hatuna haki ya kuwacheka waliotangulia. Kiganja chetu kilikuwa bado hakijakauka.

Kabla ya jua kushuka tukaenda kulitazama pango la 10 mara ya mwisho. Wageni walikuwa wamekwisha kuteremka kwenye mabasi. Yule mzee wa masharubu alikuwa huko, akizungukia milango. Alipotuona akatabasamu, akatuita kwa mkono, akatupeleka kwenye nguzo moja, akamulika juu. Hapo, juu ya picha ya kale, pamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha jina la John Smith na tarehe ya siku ile aliyoingia. Tukashangaa kuliona juu kiasi kile, kana kwamba mwandishi alikuwa jitu. Mzee akaionyesha sakafu, akainua kiganja chake pole pole mpaka usawa wa kifua, nasi tukafahamu. Siku ile ya 1819 pango lilikuwa limejaa udongo na vifusi vya miaka mingi, na Smith alisimama juu yake.

Mzee akasimama kwa ncha za vidole, akaunyosha mkono wake juu kadiri alivyoweza. Haukulifikia jina. Akazima taa, tukatoka pamoja.